Kromozomu mu meyozi: nyuma ya anafazi I tunahesabu 46 ao 23?

finalisti_Katindo (Goma)

Salama bandugu bote, na ba prof benye biko humu. Niko finalisti, opsioni bio-shimi, na kuko jambo moja mu meyozi (ule mugawanyo wa seli wenye unatengeneza mayai na mbegu za kiume) linanisumbua sana, sitaki kuingia nalo mu Exetat, ule mutihani wa serikali wa mwisho wa sekondari. Mu kaye yangu iliandikwa kama seli inaanza na kromozomu 46, kisha ADN inajizidisha mara mbili, kisha anafazi I, pale kromozomu zinavutwa pande mbili, inafika na kila upande unapata 23. Sasa miye ninajiuliza, kama ADN ilijizidisha si zilipaswa kuwa 92? Na kama ni 92, ukigawanya unapata 46 nyuma ya meyozi I, ukigawanya tena unapata 23 nyuma ya meyozi II, na hesabu inatoka muzuri kabisa. Lakini prof anasema apana, meyozi I njo inapunguza, ya pili inafanana na mitozi, ule mugawanyo wa kawaida wa seli. Rafiki mwenye tunasoma naye ananiambia niweke tu vile mu kichwa juu items (viulizo vya kuchagua jibu) hazikuulizaka sababu. Miye sitaki kuweka tu mu kichwa, ninataka kuona zile kromozomu zenyewe zinafanya nini.

Na kiulizo cha pili kama muko na nafasi: kwa nini seli inagawanyika mara mbili? Kuzidisha ADN kisha kuipunguza tena, si ingekuwa mwepesi kukamata 46 na kuzigawa 23 kwa 23 mara moja, bila kuzidisha kitu?

prof_wa_Kadutu (Bukavu)

Mudogo wangu, tuanzie ku ile 92 yako, juu ukiisha kuelewa pale mengine yatafuata. Hiyo 92 si kromozomu, ni kromatidi. ADN inajizidisha mbele ya meyozi kuanza, mu interfazi, na kila kromozomu inabaki moja lakini sasa ina kromatidi mbili zinazofanana kabisa, zimeshikamana ku sentromeri. Tunaziitaka kromatidi ndugu. Ukitaka kujua kromozomu ni ngapi, wakati wowote ule, hesabu sentromeri, usihesabu mikono.

Kiasi cha ADN ni hesabu ingine, iandike pembeni peke yake. Kama ADN ya gameti moja (yai ao mbegu ya kiume) tunaiita C, seli inaanza na 2C, inajizidisha inakuwa 4C, nyuma ya meyozi I inabaki 2C, nyuma ya meyozi II inabaki C. Kromozomu zenyewe, ukifuata hatua zilezile: 46, 46, 23, 23. Angalia vile hizo safu mbili hazitembei pamoja. ADN inapungua mara mbili, namba ya kromozomu inapungua mara moja tu, na ni ku meyozi I. Hesabu yako ilitoka muzuri juu ulikuwa unafuata ADN bila kujua.

Sasa namna zinafanya. Mu darasa letu mikroskopi hazitoshi, kwa hiyo ninatumiaka nyuzi za kufuma, nyekundu na buluu. Kata vipande viwili vya uzi mwekundu, urefu sawa, uvifunge pamoja katikati kwa nguvu, kisha mikono pia uifunge kwa vipande vidogo vya uzi mwembamba, huku na huku. Hiyo ni kromozomu moja uliyopata kwa baba, na kromatidi zake mbili. Fanya vilevile na buluu, hiyo ya mama. Nyekundu na buluu ni homologu: jeni zilezile, mpangilio uleule, lakini maandishi yanaweza kutofautiana. Mu mitozi hizo mbili hazina habari moja na nyingine, kila moja inajipanga peke yake. Mu meyozi zinatafutana.

Huko kutafutana njo profazi I, hatua ndefu kuliko zote, ile yenye wanafunzi wanakariri majina matano kisha wanaikimbia. Ku leptoteni kromozomu zinaanza kujikunja na enzimu moja, Spo11, inakata ADN, pande zote mbili za uzi, mu sehemu nyingi. Ndiyo, seli inakata ADN yake yenyewe, kwa makusudi. Kisha inapaswa kuponya yale makato, na mufano wa kutengenezea inaenda kuukamata sana sana ku homologu, si ku kromatidi ndugu, na njo vile nyekundu inafikia kupata buluu yake mu ile seli yote. Ku zigoteni zinaanza kulala pamoja, ukanda wa protini unajengwa katikati, na ku pakiteni zimeshikana toka ncha moja mupaka ingine. Makato mengi yanaponywa bila kubadilisha kitu kikubwa, lakini mamoja yanaponywa kwa kubadilishana: ncha ya kromatidi nyekundu inaunganishwa ku buluu, ncha ya buluu ku nyekundu. Njo krosingova. Ku diploteni ule ukanda unavunjika, homologu zinaanza kuachana, lakini pale zilipobadilishana zinabaki zimekamatana, na ku mikroskopi unaona alama ya musalaba, kiasma. Diakinezi zinajikaza zaidi, basi.

Fanya hiyo na nyuzi zako: kamata mukasi, ukate ncha ya kromatidi moja nyekundu na ya moja ya buluu, uzibadilishe, ufunge. Halafu ushike sentromeri nyekundu mukono huu, ya buluu mukono ule, uvute. Haziachani. Kwa nini? Juu ile ncha nyekundu iliyohamia ku buluu bado imefungwa na ndugu yake nyekundu kwa ule uzi mwembamba wa mikono. Ule uzi mwembamba, mu seli, ni protini inaitwa kohezini.

Ku metafazi I jozi 23 zinasimama katikati ya seli, mbilimbili, sentromeri moja inaangalia huku na ya mwenzake inaangalia kule. Mikrotubuli, zile kamba ndogo za seli, zinavuta toka pande zote mbili, kiasma zinakataa, na huko kuvutana njo seli inapimia kama kila jozi imekaa vizuri. Zikiisha kukaa, enzimu separazi inakata kohezini ya mikono tu. Ile ya karibu na sentromeri inalindwa na protini ingine, shugoshini. Kata sasa nyuzi nyembamba za mikono, uache fundo la katikati, uvute tena: nyekundu inaenda huku na kromatidi zake mbili, buluu inaenda kule na zake mbili. Njo anafazi I. Sentromeri hazikupasuka. Kila upande 23, na kila moja bado iko na kromatidi mbili.

Kisha telofazi I, mapumuziko mafupi ambamo ADN HAIJIZIDISHI tena (hapo wengi wanapoteza pointi), na meyozi II inaanza: kromozomu 23 zinajipanga moja moja mu kila seli, ulinzi wa sentromeri umeisha, kohezini ya mwisho inakatwa, kromatidi ndugu zinaachana. Inafanana na mitozi kabisa, ila kromatidi ndugu hazifanani tena juu ya krosingova.

finalisti_Katindo (Goma)

Aksanti sana prof. Nilifanya na nyuzi, mudogo wangu wa kike akashika upande mwingine, na kweli haziachani mupaka ukate zile nyembamba. Sasa ninaona, meyozi I inaachanisha nyekundu na buluu, meyozi II inaachanisha ndugu kwa ndugu. Lakini kiulizo cha pili bado: kwa nini izidishe kwanza?

prof_wa_Kadutu (Bukavu)

Jibu uko nalo mu mikono. Jaribu bila kuzidisha: uzi mumoja mwekundu, mumoja wa buluu, hakuna kromatidi ndugu. Badilisha ncha. Vuta. Zinaachana palepale, hakuna kitu cha kuzishika, juu kiasma inashikilia homologu kwa njia ya kohezini iliyo kati ya kromatidi ndugu. Bila ndugu hakuna kohezini, bila kohezini hakuna kuvutana, na seli haiwezi kujua kama jozi imesimama vizuri. Kwa hiyo ADN inazidishwa, jozi zinashikwa, na kwa sababu sasa iko mara mbili inahitajika mugawanyo wa pili. Wanabioloji wengi wanaona pia kwamba meyozi ilijengwa juu ya mashine ya mitozi yenye ilikuwa tayari, na mitozi inaanzaka kwa kuzidisha.

msichana_wa_Himbi (Goma)

Prof samahani, lakini shiye tulifundishwa kama krosingova iko juu ya kuchanganya jeni, ili batoto ba tumbo moja basifanane. Sasa unasema iko juu ya kushika? Na tena kwa mwanaume, X na Y hazifanani, moja kubwa moja kadogo, zinashikana namna gani?

laboranti_Lshi (Lubumbashi)

Dada, byote bibili ni kweli, ila kuchanganya njo tunasemaka kila siku na kushika tunakusahau. Ata bila krosingova kuchanganya kungekuwa kwingi. Ku metafazi I kila jozi inachagua upande bila kuuliza jozi ingine, nyekundu inaweza angalia juu ao chini, na jozi ziko 23, maana yake 2 kwa nguvu ya 23, ni namna 8 388 608 za kupanga gameti kwa mutu mumoya. Krosingova inakuya kuongeza juu ya ile. Lakini jozi yenye haikupata kiasma ata moya iko mu hatari, juu hakuna chenye kinaishika, zote mbili zinaweza kwenda upande mumoya.

X na Y: ziko na vipande vidogo ku ncha byenye binafanana, na ni mule njo zinashikana, krosingova inafanyika mule mu kapande kale tu. Kadogo vile, lakini bila kale Y inaweza potea njia.

Na ningependa wanafunzi bajue kitu kingine juu kwetu bioloji inafundishwaka kama vile ilianguka toka mbinguni. Kazi ya kuhesabu kromozomu mu gameti ilifanywa na bantu kwa macho. Édouard van Beneden alikuwa Liège, Ubelgiji, na mu 1883 aliangalia mayai ya munyoo wa tumbo la farasi, munyoo wenye kromozomu 4 tu, akaona yai inaleta 2 na mbegu ya kiume inaleta 2. Alichagua vizuri, na 46 hangetoka mule, ata namba ya 46 yenyewe kwa mutu ilikuya kuhakikishwa mu 1956. Kisha Frans Alfons Janssens, padri, alikuwa Louvain, mu 1909 akaandika kama zile kiasma zinaonyesha kromatidi zinakatika na kubadilishana. Bengi hawakumuamini. Mu 1931 Harriet Creighton na Barbara McClintock bakaonyesha ile na mahindi, hii mahindi yetu ya bukari, iko na kromozomu 20: bakachukua kromozomu yenye alama za kuonekana ku mikroskopi, na jeni zilipobadilisha nafasi, alama nazo zilibadilisha. Miye ninapenda sana ile kazi, ni ya mikono na macho na uvumilivu.

mama_wa_maternite (Bukavu)

Ba prof, ruhusa niingie. Ninafanya kazi mu maternite na ninataka hawa batoto basikie upande mwingine wa hii somo, juu hapo mulisema "zote mbili zinaweza kwenda upande mumoya" muliipita mbiyo.

Jozi ya 21 ikikosa kuachana, yai linabeba 21 mbili, baba analeta moja, mutoto anakuwa na tatu. Njo trizomi 21. Ilionekana kwa mara ya kwanza Ufaransa mu 1959, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Sasa kwa nini mara nyingi inatokeaka mu yai kuliko mu mbegu ya baba? Mwanaume anatengeneza mbegu mupya kila siku tangu ujana. Mwanamuke, mayai yake yanaanza meyozi wakati yeye mwenyewe bado iko mu tumbo la mama yake, yanafika ku diploteni, yanasimama. Yanasimama pale miaka na miaka. Yai linaendelea na meyozi I muda mfupi mbele ya kutoka, mwezi wake ukifika, kisha linasimama tena ku metafazi II, na linamaliza tu kama mbegu ya kiume imeingia. Maana yake yai lenye ulitoka nalo weye lilianza meyozi mu tumbo la tate yako mwanamuke. Na kohezini yenye inashika zile jozi iliwekwa wakati ule, inachakaa kidogo kidogo. Njo maana kwa mama wa miaka 20 trizomi 21 inatokea karibu mara 1 ku vizazi 1500, kwa mama wa miaka 35 karibu 1 ku 350, kwa wa miaka 40 karibu 1 ku 100. Na msifikiri ni bamama bazee peke yao, bamama bachanga njo banazaa sana, kwa hiyo batoto bengi benye trizomi 21 bamezaliwa na bamama bachanga.

Ninaandika hii juu ninaonaka familia inamuangalia mama kama ni yeye alifanya kitu, alikula kitu, alirogwa, alikosea bazimu. Bingine bwana anarudi kwao. Ni jozi moja haikuachana, mu chumba kidogo chenye jicho haliwezi kuona, na hakuna mwenye aliweza kuizuia. Kama mutaelewa meyozi vizuri, mufike siku moja kuieleza ku nyumba ya mutu kwa lugha yake, na mutoto yule apendwe.

finalisti_Katindo (Goma)

Mama, aksanti. Mu kaye yetu trizomi iko mustari mumoja tu. Tutaisoma ingine namna.

mukulima_wa_Kabare

Miye si mwanafunzi, ninasoma tu juu mutoto wangu ananionyesha ku telefone. Munisaidie: ndizi zetu hazina mbegu, tunapandaka machipukizi. Mutoto anasema ni mambo ya hizi kromozomu. Ni kweli?

laboranti_Lshi (Lubumbashi)

Papa, mutoto anasema kweli, na ni mufano muzuri kuliko yote ya hapa. Ndizi za pori ziko na kromozomu 22, jozi 11, meyozi yao inatembea na zinajaa mbegu ngumu, hakuna mwenye angezikula na raha. Ndizi nyingi zenye tunalima, na zile za kwenu za milimani za kupika na za kasiksi (pombe ya ndizi), ziko na 33, maana yake kila kromozomu iko mara tatu. Sasa fikiria profazi I: tatu zinatafutana, mbili zinashikana na ya tatu inabaki inazunguka, ao zote tatu zinakamatana ovyo. Ku anafazi I upande mumoya unapata mbili, mwingine moya, na kila aina kati ya zile 11 inajichagulia yake. Gameti zinatoka na hesabu zisizo kamili, karibu zote hazifai kitu. Tunda linakua bila mbegu, na papa anapanda chipukizi, chipukizi linakua kwa mitozi, halina shida na tatu juu mitozi haitafuti jozi.

Lakini kuko deni. Kwa sababu zinakua kwa mitozi, mugomba wa leo na wa tate ni kitu kilekile, hakuna kuchanganya. Ugonjwa ukija, yote iko ndugu moja mbele yake. Ule ugonjwa wa bakteria wa kukausha migomba wenye ulionekana Masisi mu 2001 ukashuka mupaka kwenu, ungekuwa ku maharagi, ba agronomu wangechukua aina moja yenye kuvumilia, wakaizalisha na ingine mbiyo. Ku ndizi kila mbegu moja wanaitafuta kwa taabu. Kwa hiyo kata mugomba mugonjwa, safisha mupanga kwa moto ao kwa Javel mbele ya kugusa mwingine, na ukate ua la dume mapema kwa kijiti cha panda, usitumie kisu.

mukulima_wa_Kabare

Aksanti mwana. Kile cha kijiti tulishakisikia, sababu hatukupewa.

laboranti_Lshi (Lubumbashi)

Ni wadudu, papa. Banatembeza bakteria toka ua la dume la mugomba mumoya ku ua la mwingine. Ua likiondolewa mapema hawana pa kufikia, na kijiti unakitupa, hakibebi maji ya mugomba mugonjwa kama kisu.

finalisti_Katindo (Goma)

Prof, acha nijaribu na maharagi mbele ya kulala, muniangalizie. Maharagi iko na 22. Nyuma ya kuzidisha ADN, kromozomu 22, kromatidi 44. Metafazi I, jozi 11 katikati. Anafazi I, 11 kila upande, kila moja na kromatidi mbili. Metafazi II, kila seli 11 zimejipanga moja moja. Anafazi II hapa ninasitasita: kromatidi zikiisha kuachana ninaandika 11 ao 22?

prof_wa_Kadutu (Bukavu)

Mupaka metafazi II yote iko sawa. Ku anafazi II soma kiulizo vizuri. Kromatidi ndugu zikiachana kila moja inakuwa na sentromeri yake, inaitwa kromozomu kamili. Wakikuuliza "kila upande", andika 11. Wakikuuliza "mu seli", na seli haijakatika, andika 22. Ku anafazi I, mu seli nzima, ni 22 pia, lakini zile ziko na kromatidi mbili mbili, hizi za anafazi II ziko na moja moja. Wakikuchorea picha, angalia mikono: mikono miwili miwili inayokokotwa nyuma ya sentromeri moja ni anafazi I. Na kama wameweka ndizi ya 33 na wanakuuliza gameti ina ngapi, usitafute nusu ya 33, chagua jibu linalosema hazigawanyiki sawasawa.